Piano Nyuma ya Rido

Hapana, uso yake sikuiona. Najua mutaniuliza, watu wote wanaulizaka ile, njo maana najibu mbele. Miezi yote yenye piano ilikuwa inalia mu nyumba yangu, mwenye kuipiga sikumuona uso. Vidole njo niliona, mara moja, siku upepo ilisukuma rido, ile pazia kati yetu: vidole ya kukonda, ukucha moja nyeusi. Basi. Ni mukwe yangu. Ameoa binti yangu tangu zamani, wako na watoto ine, na mi namujua kwa viatu, kwa kikohozi na kwa mugongo.

Kwetu mama mukwe na mukwe hawaingiake mu chumba moja. Akipita njia hii, mi napita ingine. Tukikutana kwa bahati mbaya njiani hapa Shari, mi najifunika kitenge mpaka mu macho, na yeye anageukia ukuta ya watu, anaangalia matofali sawa mutu mwenye anataka kuinunua. Wataximan wa moto, wale wa pikipiki, wanatupigia honi, juu tumewafungia njia siye wawili, mumoja anasoma ukuta, mwingine kipofu ndani ya kitenge. Vijana wanacheka. Hata binti yangu, yeye mwenye anaandika hii maneno juu mi sikusoma, anacheka saa hii. Cheka, lakini andika. Na usitengeneze luga yangu.

Kuona uso ya mukwe, hapana. Kumuchezea, kuiga sauti yake, hapana zaidi. Na mi, kuchezea watu njo kazi Mungu alinipatia. Mutu akiongea mbele yangu kidogo tu, sauti yake inaingia mu koo yangu, inapanga chumba mule, haitoke tena. Nafanyaka pasta: "Wapendwaaa, tufunge macho, na weye wa nyuma pale, nakuona." Nafanyaka muke wa shefu wa kartie, mutaa yetu, mwenye anaongeaka na pua: "Mi sisemake mambo ya watu, lakini ule binti wa pale..." Nafanyaka mbuzi ya jirani, nafanyaka jirani akiita mbuzi. Mume yangu, Mungu amupumuzishe, alikuwaka anaambia wenzake: "Jana nililala na wanawake kumi, na wote walinigombeza."

Mwenye kucheka zaidi alikuwaka mudogo yangu mwanamuke. Tulizaliwa mama moja, baba moja, tulichunga ng'ombe pamoja kule Boga. Mi nilikuwa nafanya sauti ya baba akiita ng'ombe, ng'ombe zinakuja mbio, baba mwenyewe anatoka mu nyumba kuangalia nani anaita. Mudogo yangu anaanguka mu majani, anashika tumbo: "Yaya, acha, nitajikojolea." Mi nilijua kama naweza kushindwa vyote mu hii dunia, lakini kumuchekesha huyu, siwezi kushindwa.

Kisha, siku moja, mudogo yangu akafika kwangu. Kutwa muzima juu ya moto, mufuko moja, vumbi mpaka mu nyusi. Kijana yake, ule moja tu Mungu alimuachilia, alikuwa kule ku zahabu, na shimo ilianguka na yeye ndani, yeye na wenzake. Hawakuwatoa. Wale walibakia juu waliomba, wakasimamisha musalaba ya miti, kisha wakaanza kuchimba pembeni. Hakuna kitu walituma. Hata kiatu.

Mudogo yangu akakaa mu salo, sebule yangu, ku kiti ya chini, akanyamaza. Siku ya kwanza nilisema ni safari. Juma ya kwanza nilisema ni uchungu, itapita. Lakini hakuwa anakula, na pale njo niliogopa, juu mi nilionaka mama yetu. Baba alipokufa, mama alinyamaza vile vile, na chakula ikija alikuwa anasukuma sahani vile vile, na nyuma ya mukono, polepole, sawa mutu anafukuza kuku ya wengine. Tulimuzika mbele ya mahindi kukomaa. Sasa nilikuwa naangalia mudogo yangu anasukuma sahani, na mukono ilikuwa ya mama. Sikutaka kuzika ule mukono mara mbili.

Nilijaribu vyote. Sombe, majani ya muhogo, na mawese mupya. Makayabu, samaki ya chumvi. Buyi, uji ya soya na sukari mingi. Muuguzi akaja, akamupima, akasema na ile sauti yake ya mutu mwenye hajalala: "Mwili haina kitu, mama. Ni mawazo." Sawa vile mawazo inakaaka inje ya mwili. Pasta akaja: "Wapendwaaa, tufunge macho." Alifunga yeye peke yake, mi nilikuwa nalinda mudogo yangu, na mudogo yangu alikuwa anaangalia mulango. Kisha akaja mama mumoja wa shirika yenye inaongeleshaka watu wenye uchungu, na jile yake, kizibao ya shirika, na karatasi zake: "Mama, kutoka un mpaka dix, moja mpaka kumi, maumivu yako iko ngapi?" Mi nikajibu kwa fasi yake: "Andika kilo mbili, kisha utupunguzie." Ule mama hakucheka. Aliandika kitu.

Basi nikatoa sauti zangu. Zote. Pasta, muuguzi, mama wa jile, muke wa shefu na pua yake. Mwisho nikafanya baba akiita ng'ombe, yenye sikuifanyaka tangu tulimuzika. Niliita mpaka mbwa ya jirani ikajibu. Mudogo yangu akaniangalia sawa vile unaangaliaka radio ya watu wengine. Hakukasirika, hakusikia. Nikaenda mu jikoni, nikakaa juu ya bidon ya maji. Sikujua tena kitu ya kufanya na kinywa yangu.

Piano yenyewe ilikuja juu ya mvua. Ni ya kanisa, ile ya umeme. Mabati ya kanisa ilitoboka, na mukwe yangu, yeye njo mupigaji wa korali, akaogopa maji iingie mu ile mashini. Kwake hakuna fasi: chumba mbili, watoto ine, na kila mutoto anataka kubonyeza buto. Kwangu kuna chumba kidogo pembeni ya salo, na kuna pano ya jua na batri. Binti yangu akaja kuomba, magoti chini, sawa mutu anaomba ng'ombe.

"Mama, ataingiaka na mulango ya nyuma. Tutaweka rido. Atakohoaka mbele ya kuingia."

"Atakohoa mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Tatu," nikasema. "Mi ni muzee, masikio inakawia."

Tukaweka rido ya maua, ile muzito. Kila siku saa tisa, akitoka ku soko fasi anatengenezaka radio na telefone za watu, unasikia kikohozi tatu, kiti inalia, kisha piano. Siku za mwanzo alikuwa anapiga nyimbo za korali. Mi ku upande yangu ya rido nilikuwa nafanya korali polepole: wale sopurano wenye wanapandaka juu kuliko wimbo yenyewe, na ule bas moja wa sauti nzito mwenye anaamukaka ku amina. Mudogo yangu hakugeuza hata kichwa.

Siku moja hakupiga wimbo. Jua ilikuwa kali, batri ilijaa, nafikiri alikuwa anajaribu tu mabuto. Sauti moja ikaanza. Sijui ilianza saa gani. Nilijikuta niko ndani yake. Haikuwa piano ile ya ting-ting. Ilikuwa murefu, sawa bidon inajaa maji polepole, sawa ng'ombe mingi mbali, zenye hauone. Anaweka kidole moja, anaiacha pale, sauti inavimba, inarudi. Anaongeza ingine ya chini, yenye unasikiaka mu mbavu kuliko mu sikio. Kisha moja ndogo ya juu, sawa kijiko imegusa kikombe mu nyumba ya tatu. Nilingoja wimbo ianze. Haikuanza.

Nikaita binti yangu. "Ambia mume yako aanze. Nimechoka kungojea."

Mukwe alikuwa anasikia yote, kati yetu ni kitambaa tu. Lakini heshima ni heshima. Binti yangu akaingia nyuma ya rido, akatoka.

"Anasema hakuna wimbo."

"Sasa anafanya nini?"

Akaingia, akatoka. "Anasema ile sauti inaitwa nape. Ni sawa nape ya meza, kitambaa ya kutandika. Yeye anaitandika tu, kisha kila mutu anaweka chakula yake juu."

"Na mwenye hana chakula?"

Alirudi anazuia kucheka. "Anasema: basi aangalie nape."

Nilitaka kujibu, na sauti ya mukwe ilikuwa tayari mu koo yangu, lakini niliona mukono ya mudogo yangu. Tangu afike, ile mukono ilikuwa inavuta nyuzi mu kitenge yake, moja, moja. Kitenge ilibakia na tundu sawa ya panya. Mukono ilikuwa imesimama. Ilikuwa imelala juu ya goti, wazi. Nikamuletea buyi bila kusema kitu. Alikula vijiko tano. Nilihesabu na midomo, sawa mutu anasali.

Kutoka siku ile, saa tisa haikuwa tena saa ya korali. Mukwe alikuwa anatandika nape yake, na siye wawili tunakaa ku upande yetu ya rido. Hakupigaka mara mbili kitu moja. Nilimutumia binti yangu kuomba ile ya jana, ile ya bidon, na jibu ikarudi: "Anasema hajue tena njia. Vidole ilienda yenyewe." Mu kanisa anafanyaka vile, saa pasta anasema kila mutu aongee na Mungu ndani ya roho. Zamani alikuwa anapiga ile tu kufunika kelele ya viti. Kisha akaona kama yeye mwenyewe, mwenye anashinda soko katikati ya radio kumi zenye zinalia pamoja, hasikiake mawazo yake fasi ingine, ila tu pale. Njo vile alituma kutuambia. Na akaweka sheria moja, kwa heshima, kupitia muke yake: watu wasiongee. Kila mutu ajiangalie ndani.

Kwa mudogo yangu sheria haikuwa kitu. Kwangu ilikuwa jela. Mi nikinyamaza, ndani kuna soko. Nilifunga macho sawa walisema, nikajiangalia. Pasta alikuwa pale. Muke wa shefu alikuwa pale, anaongea na pua. Mume yangu, muuguzi, mbuzi. Nikasema, mutoke, mumoja mumoja, leo nataka nione nani anabakia. Sauti ya piano inavimba, inarudi, na mi nafukuza watu mu roho yangu sawa nafagia. Walitoka wote. Kisha nikauliza: sasa nani iko hapa? Na ile sauti yenye iliuliza ilikuwa ya mama yangu. Nikafungua macho mbio. Nikaangalia mujusi ku ukuta mpaka mukwe akamaliza kupiga.

Mudogo yangu, yeye, alikuwa anaenda fasi ingine. Machozi ilikuwa inashuka bila yeye kusumbuka nayo. Alikuwa anakaa wima, magoti wazi kidogo, sawa mutu anakamua. Juma kwa juma alirudi. Akaanza kusalimia. Akaomba chumvi. Siku moja akaniambia kama bugali yangu inakuwaka na madonge, na mi nikaingia mu jikoni kulia, juu ni kweli, na ni yeye njo aliniambiaka vile tangu utoto.

Sasa lazima niseme ya ule kijana, na sitamupamba. Mi mwenyewe sikumupendaka. Aliuzisha ng'ombe mbili ya mama yake na ndama yao, akanunua mashini ya kuvuta maji mu mashimo, akaenda nayo ku zahabu. Mama yake akimulilia, alimusukuma, mama akaanguka mu mavi ya ng'ombe, na kijana akamuambia: baki pale, njo fasi yako. Boga muzima ilijua ile. Kitu yenye Boga haikujua ni jibu ya mama. Hata mi sikujua. Nilikuja kuijua mu salo yangu, saa tisa, chini ya piano.

Siku ile mukwe alikuwa ameshika sauti moja ya chini, moja tu, murefu. Mudogo yangu akaongea. Hakuniangalia. Aliongea ku rido, polepole, sawa mutu anaweka sahani ku meza:

"Nilimuambia asirudi."

Sauti ya chini ilibakia pale. Haikuongezeka, haikupunguka. Mukwe, na ile akili yake, hakugusa buto ingine. Leo nikifikiri naona kama vyote ilikuwa sawa. Mudogo yangu aliweka kitu yake, kila mutu aliiona, ilibidi tu kuiacha pale, na kesho angeweka ingine. Lakini mi ni yaya, dada mukubwa. Niliona mukono ya mama yetu, na koo yangu ikafunguka yenyewe. Ule kijana alikuwaka anaongea meno imefungwa, na anavuta "mama" sawa anavuta kamba. Nilisema na sauti yake:

"Maaama. Mi sikukasirika."

Ilikuwa yeye kabisa. Mudogo yangu hakugeuka. Alifunga macho. Kisha akauliza, na sauti ya mama mwenye anaongea na mutoto iko inje: "Uko wapi?"

"Niko pazuri, mama."

Magaribi ile alikula bugali muzima na samaki, akaomba maji. Weye ungeacha? Mi sikuacha.

Siku ya pili, piano ikianza, hakufunga macho mara moja. Alingoja. Hakuomba, hakuniangalia, lakini mi namujua kama kidole yangu. Nikamupatia kidogo. Siku ya tatu nikamupatia kingine. Aliuliza kama kule kuna baridi; nikasema hapana. Aliuliza kama walikufa pamoja. Nikasema tulishikana mikono. Ile ilitoka wapi? Sijui. Vidole ya mukwe ilikuwa inaenda yenyewe, na kinywa yangu pia.

Binti yangu akanifuata mu jikoni.

"Mama, acha."

"Niache nini?"

"Unajua. Na mukwe yako anauliza, kwa heshima, nani anaongeaka pale."

"Muambie ni radio alisahau kutengeneza."

Akarudi. "Anasema mama mukwe amusamehe. Anasema alitoa maneno mu piano ili mama mudogo apate fasi ya maneno yake mwenyewe. Anasema sasa fasi imejaa."

Nilikuwa na haya, na mi nikiwa na haya nachezea watu. Nikafungua kinywa nikajibu na sauti ya mukwe yangu mwenyewe, ile kavu, ya heshima: "Anasema anasema. Mama mukwe amusamehe, mama mukwe amusamehe." Nyuma ya rido kiti ililia. Hakukohoa. Binti yangu akaniangalia sawa nimevua nguo mu soko. Ile siku ilipaswa kuniambia kitu.

Nilijaribu kuacha, musifikiri hapana. Kesho yake nilifunga kinywa na kitenge. Mukwe akatandika, murefu, nzuri, pana sawa shamba. Mudogo yangu alingoja. Alingoja mpaka jua ikatoka ku dirisha. Nilipoleta chakula, aliigusa na nyuma ya mukono, akasukuma. Ilikuwa siku moja tu, na pengine hakuwa na njaa, watu wanakosaka njaa. Lakini mi niliona kaburi. Saa tisa ingine nilikuwa pale, na kijana alikuwa pale.

Na ule kijana akaanza kuwa mwema. Ile njo kosa yangu kubwa, na hakuna mutu alinituma. Nilisema aombe samahani ya ng'ombe, akaomba. Nilisema ataje lile neno ya mavi na kulia juu yake. Akalia, nililia na pua yake. Alishukuru maziwa alinyonya. Alikuwa sasa anaongea sawa shemasi. Na piano ikaanza kunifuata. Mbele, ile sauti ilikuwa inaenda fasi hakuna mutu anajua. Sasa mi nikishuka inashuka, mi nikivuta "mama" inavuta na mi, tamu, sawa wakati wa sadaka. Sikumulaumu. Ni mukwe, hawezi kushindana na mama ya muke yake. Alikuwa amefungwa nyuma ya rido yake sawa mi nilifungwa mbele.

Kitu ingine yenye iliniogopesha: siku moja nilipokuwa nafua, nilitaka kukumbuka sauti ya kweli ya ule kijana, ile ya kuomba ufunguo, ile ya kutukana. Sikuipata. Kulikuwa tu ile yangu. Niliita mara mbili, tatu, mikono mu sabuni. Shemasi njo alikuja.

Na mudogo yangu? Alikuwa anakula, ndiyo. Lakini alikuwa hatoe tena machozi. Hakukaa tena sawa mwenye anakamua. Aliegemea kiti, mikono imefungwa, sawa watu wanasikilizaka habari ya saa moja. Mara ingine nilikuta ananiangalia mi, si rido, mi, midomo yangu. Nilifikiri anaona vile nimezeeka.

Siku ya mwisho mvua ilikuwa inapiga mabati. Mukwe akapandisha sauti, na mi nikapandisha yangu. Kijana akasema: "Maaama, mi nilikupendaka kuliko vyote. Weye njo ulinifundisha kuwa mutu. Neno yenye uliniambia, mi sikulisikia hata."

Mudogo yangu akasimama. Akaongea na mukwe mwenyewe, yeye ku yeye, bila kumupitisha kwa binti yangu, kitu yenye kwetu haifanyike.

"Mukwe, zima."

Ikazimwa. Tulibakia na mvua tu.

Kesho yake alipanda moto, na mufuko yake moja, akarudi Boga. Binti yangu anamupigiaka simu. Anasema anachunga mbuzi za watu. Kama anakula, hakuna mwenye anajua. Akiulizwa anasema network ni mubaya. Mi akisikia sauti yangu anakata, na hata nikiongea na sauti ya mutu mwingine anajua. Piano ilirudi mu kanisa, mabati ilitengenezwa. Siku ya Mungu, ku ibada, mukwe yangu anatandikaka nape yake, pasta anasema kila mutu ajiangalie ndani, watu wanafunga macho. Mi natoka inje, nakaa na bamama wa mikate mpaka amalize. Wananiomba sawa bibi yao: "Koko, tufanyie pasta." Nawafanyia. Wanacheka.

Lakini ile siku ya mvua, piano ikiwa imezimwa, mi nilikuwa bado na kinywa wazi. Nilikuwa sijajua hata ni sauti gani itatoka. Mudogo yangu alinigeukia. Hakupandisha sauti. Alisema:

"Yaya, mutoto yangu alikuwa mubaya. Ule njo nilikuwa nalilia. Huyu wako simujue."